Viatu vya Bafle

Papa,

Mama anakusalimia. Amerudia shamba ya maharagwe, anakula, hata juzi alicheka. Sasa wacha nikuambie yenye inaninyima usingizi: vile viatu vya bafle zetu za muziki vilipotea.

Vyote vine. Vile ulikata ku tairi ya kamyo, ukaweka sponji ya matela ya kulalia katikati. Kila arusi ulikuwa unapiga magoti kuviingiza chini ya bafle ku jukwaa ya mbao, na mimi nilikuwa nakucheka, nasema Papa anavalisha masanduku ya sauti. Ulikuwa unajibu tu: "Bafle bila viatu inatetemesha mbao, mbao inatetemesha mikro." Ku arusi ya kwanza bila wewe, hapa Nyabiondo, njo nilielewa. Niliweka bafle ku mbao tupu. Sauti nzito ya bas ilipoanza, mikro ya pasta ikapiga makelele, bibi arusi akaziba masikio. Watu walisema ulienda na sono yako, ile sauti safi. Niliumia sana, Papa. Wakiacha kutuita, kazi yako imekufa mikononi mwangu.

Nikashuku Bahati. Ni nani tena? Miaka yote mulikuwa munanyang'anyana kazi ya arusi. Alikuomba umuonyeshe namna ya kukata vile viatu, ukamukatalia. Siku tulienda Goma kuchukua mwili wako, alipanda gari, ile camionnette ya kukodi, pamoja na sisi, bila kuitwa, na asubuhi ile jirani alikuwa amemuona anatoka ku depo yetu ya vyombo na mufuko. Alikuwa anatafuta nini mule? Ku matanga alilia kuliko mimi. Hiyo pia sikuipenda.

Alipopiga muziki ku ubatizo fulani, nilijifanya nimeangusha kitambaa, nikainama chini ya bafle yake. Iko na makarto ya boksi yenye kukunjwa, si viatu vyetu. Nikasema ameficha, anangoja nisahau. Mimi sisahau, unanijua.

Jumapili, kisha misa, nilimuuliza wazi mbele ya Mama. Akasema: "Nilivifunga chini ya sanduku ya Papa yako, ku camionnette. Ile barabara unaijua. Sikutaka atingishwe."

Eti wakati wa kukushusha kaburini kila mutu alikuwa analia, na yeye pia, hakuna mwenye alikumbuka kufungua kamba. Mama akafunika uso na kitenge.

Mimi sikuamini. Nilienda kwa shofa mwenye aliendesha camionnette. Akaniambia toka Sake mpaka hapa, na yale mashimo yote, sanduku haikugonga chuma hata mara moja, yeye mwenyewe alishangaa. Njo nikakumbuka. Nilikaa kando yako njia nzima, mukono juu ya sanduku, na ulikuwa umetulia kabisa. Nilifikiri ni mukono wangu wenye unakutuliza, Papa.

Basi baki navyo. Nimepata tairi ya zamani ya kamyo na sponji kidogo, nitakata vingine, na arusi yenye inakuja mikro haitalia, ninakuahidi. Bahati pia nitamukatia vyake vine, na nitamuonyesha namna, hata kama ulimukatalia. Lakini vyetu nitaviandika jina lako chini, maana Bahati ni Bahati, na depo nimeitia kufuli mupya.

Lala muzuri, Papa. Hakuna kitu itakutingisha.

Binti yako,
Furaha