Zamu ya Kuwa Mwangwi

Jumamosi, 2 Agosti

Baba anarudi kesho. Leo asubuhi Kaka kanipeleka korongoni kabla wageni hawajaanza kushuka kutoka maporomokoni. Akasimama ukingoni, mahali pa Baba, akaita: "Halooo!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Nikaita mimi, ile sauti yangu ya kupasua masikio – wapi! Kunguru mmoja tu ndiye aliyetujibu, tena kwa dharau.

Tulikuwa tunajua. Wenye hoteli ya vioo walilipua jabali la ng'ambo ili wapate pa kuweka vyumba na bustani za ngazi, na tangu hapo watu wanasema mwangwi umekatika. Ila hatukuwa tumethubutu kwenda kuhakikisha.

Baba hajui. Wakati wanalipua alikuwa mjini anapasuliwa ngiri, halafu akauguzwa kwa shangazi. Kila tukimpigia simu anauliza, "Mwenzangu hajambo?" Mwenzake ndio huo mwangwi. Na Kaka anamjibu hajambo, anakusalimu.

Kazi ya Baba ni hiyo tu, tangu sijazaliwa. Kuwapanga wageni ukingoni, kuwafundisha kuita, kuwatania. Mzee Mwangwi – hata karani wa benki anamwita hivyo. Kaka ni mwongozaji, ndiye huwaleta na gari: maporomoko, pango, mwangwi, chakula cha mchana.

Tukiwa njiani kurudi Kaka kanipa wazo lake. Nivuke daraja la kamba, nijifiche kwenye mwanya chini ya bustani ya hoteli, niwe nawajibu wageni. Nilicheka mpaka nikashika mti. Yeye hakucheka. Akasema si wewe uliyekuwa unaiga sauti za walimu mpaka darasa zima linasimama? Siku mbili tatu tu, mzee apate nguvu, tutamwambia taratibu.

Sina kazi tangu duka nilimokuwa nauza lifungwe. Hilo hakulisema. Lakini wali ninaokula ni wa kwake.

Jumapili, 3 Agosti

Baba amefika. Amekonda, suruali imeshikwa na mkanda na imani. Hata hajakaa sawasawa – "Mwenzangu hajambo?" Kaka akasema hajambo, anakuulizia kila siku. Chai ikanipalia. Wifi akanipigapiga mgongo huku yeye mwenyewe kageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Anataka kwenda kazini kesho. Tukamkumbusha daktari alivyosema. Akauliza, kwani kuita ni kubeba zege?

Nimepewa ndoo tupu ya rangi. Ukitia uso ndani sauti inapata upana. Nimejaribu bafuni, Baba akiwa amelala. Wifi kasema nasikika kama ng'ombe aliyetumbukia kisimani. Kaka kasema safi.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekuja na daftari hili huku mwanyani, la sivyo nitaanza kuongea na mijusi.

Mahali penyewe: jiwe la kukalia, bomba la maji machafu ya hoteli juu ya kichwa, kichaka mbele. Nikichungulia naona ukingo wa kule, kibanda cha Baba, benchi. Watu wanaonekana wadogo lakini namjua Baba kwa koti lake. Kaka ananibipu wakikaribia.

Kundi la kwanza nimeliharibu. Mtu kaita "Halooo" nami nikaganda. Nimejibu baadaye sana – wenzake walikuwa wameshaanza kupiga picha. Kundi la pili nikawahi, karibu nimkatize. La tatu nimepata: pumzi moja, halafu unajibu, na mwisho unaufifisha. Wakashangilia. Nilijisikia vizuri kidogo, niseme ukweli.

Baba anawaambia kila siku: msimtukane, ana kumbukumbu. Nilimsikia akisema hivyo, upepo ukivuma huku.

Jumanne, 5 Agosti

Wageni wa lugha tatu. Sijui walichosema, nimewarudishia hivyohivyo kilivyo. Kama ni matusi basi tumetukanana vizuri.

Bibi mmoja kapiga chafya. Sikufikiri – nikaijibu. Kule ukingoni pakalipuka kicheko kikubwa. Mtoto mmoja akaogopa akalia, nami nikalazimika kulia. Mtoto akazidi. Nikazidi. Mwishowe mama yake kambeba wakaenda kukaa garini, na mimi nimebaki na ndoo usoni najionea huruma.

Kitu kimoja. Baba mwenyewe haiti. Zamani yeye ndiye alikuwa anafungua, ile sauti yake nzito, ndipo wageni wafuate. Sasa anawaonyesha kwa mkono tu, ananyamaza. Nimemuuliza Kaka. Anasema ni mshono.

Usiku mezani Baba alikuwa na furaha. Akasema mwenzangu karudi na nguvu kuliko zamani, siku hizi anasikia hata chafya. Kaka akanikanyaga mguu chini ya meza. Kwani ningesema nini?

Jumatano, 6 Agosti

Mvua. Hakuna wageni. Nimelala.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekamatwa. Mlinzi wa hoteli alinitokea kwa nyuma na rungu lake, nusura nitumbukie korongoni na ndoo yangu. Alidhani nimekuja kuiba taulo. Halafu alipoona ndoo akadhani nataka kujiua, sijui uhusiano wake ni upi.

Nikamwambia kila kitu. Ningedanganya nini na uso una alama ya duara? Akakaa kwenye jiwe langu akacheka mpaka akavua kofia. Halafu akaacha kucheka akasema dada, hapa wageni wanalipia kimya. Wameshalalamika mapokezi kwamba kuna mwanamke mwenye matatizo analia chini ya vyumba vyao. Yeye ndiye katumwa kumtafuta.

Nikamwomba. Akauliza mpaka lini? Nikatazama ndoo. Akasema meneja hayupo, anarudi Jumatatu. Mpaka hapo atasema hakuona mtu. Akaondoka, akarudi na chupa ya chai. Nilitaka kulia tena, safari hii kilio changu mwenyewe.

Jioni nimemweleza Kaka. Akasema vizuri, basi tuna mpaka Jumatatu. Nikamwambia wewe, "vizuri" iko wapi hapo?

Ijumaa, 8 Agosti

Magari manane! Kaka alizoea kuleta moja, mawili. Kumbe ile chafya mtu aliirekodi, imezunguka kwenye simu huko. Sasa kila mtu anakuja kupiga chafya. Wengine wanajilazimisha, wanajitia jani puani. Mmoja kaja na tarumbeta. Tarumbeta nitaijibuje? Nimeijibu.

Masikio yameniziba, koo linawaka. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Mtu ukiweza jambo mara moja basi umekwisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Sauti imenikauka. Asubuhi ilikuwa inatoka nusu, mchana ikawa inatoka kama mlango mbovu. Nimesikia Baba akiwaambia wageni, "Leo mwenzangu ana mafua, mwoneeni huruma." Wakacheka. Mimi nilikuwa natetemeka, ukungu umeingia hadi ndani ya blauzi.

Usiku huu nimekaa jikoni. Baba kaja na bilauri ya maji ya uvuguvugu, katia chumvi, kakoroga, kaniwekea mbele. "Sukutua," akasema. Basi. Hakuuliza koo limekuwaje. Nimeshinda wapi, nimepigia nani kelele – hakuuliza. Akarudi chumbani kwake polepole, mkono kwenye mshono.

Nimesukutua. Kaka alikuwepo, hakuona chochote, alikuwa anahesabu magari ya kesho kwenye simu.

Jumapili, 10 Agosti

Nilimwambia Kaka leo ni mwisho. Nimwambie Baba, yaishe. Akanishika mkono tukatoka nje, nyuma ya tangi la maji.

Akasema kesho watu wa ofisi ya utalii wanakuja wenyewe. Walishaamua zamani kituo cha mwangwi kitolewe kwenye safari, wageni wapelekwe kwenye waya wa kuteleza juu ya korongo, vijana wanaupenda. Barua ilikuwa tayari. Kaka ndiye aliwaomba waje waone kwanza, kwa sababu ya hii wiki. Kesho wakifurahi, kituo kinabaki. Wasipofurahi Baba anaambiwa akapumzike nyumbani.

Nikauliza, na wakifurahi, nani atakuwa mwangwi Jumanne? Akatazama tangi. Nikasema basi kamwambie wewe, wewe ndiye mkubwa. Akasema mwambie wewe, wewe ndiye kipenzi chake. Ndugu yangu huyu! Angekuwa mdogo ningemchapa.

Nikaenda. Nilikuwa nimepanga maneno. Baba alikuwa amekaa kitandani anapiga viatu rangi kwa ajili ya kesho. Akanisogezea nafasi. Nikakaa. Akasema kule hospitali, dawa ya usingizi ilipoanza kuisha, aliamka akaita. Kwa nguvu zake zote. Wauguzi wakaja mbio wakidhani mshono umeachia. "Nilikuwa nataka tu kujua kama kuna mtu," akasema. Halafu akapuliza kiatu.

Nikachukua kiatu cha pili nikakipiga rangi. Naona aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sikula usiku.

Jumatatu, 11 Agosti

Niko mwanyani. Asubuhi nayo sikuweza kula. Nimekunywa asali, tangawizi, chumvi, kila walichonipa. Sauti imerudi kiasi. Mlinzi yuko juu kwenye bustani, anajifanya anakagua taa. Kasema meneja ameshafika, anakunywa kahawa, na akishamaliza kahawa huwa anatembea.

Wamekuja. Watu watano wa ofisi, koti na viatu vya mjini, Kaka pembeni yao anatabasamu kwa meno yote. Baba mbele. Wakaita mmojammoja. Nimewajibu wote vizuri, hata yule mama wa sauti nyembamba. Wakapiga makofi. Mmoja akajaribu chafya, nikampa chafya.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe Baba akawarudisha nyuma kwa mkono, akasogea ukingoni, akakunja viganja mdomoni. Tangu arudi hajaita hata mara moja. Na ile sauti ikatoka, nzito vilevile, kana kwamba hakuwahi kuugua:

"Umekulaaa?"

Wale watu wakacheka, wamedhani ni utani wake wa siku zote. Kaka hakucheka. Alikuwa ameshika kichwa.

Pumzi moja. Watu watano wanasubiri, mmoja kanyoosha simu. Nikatia uso ndooni nikamrudishia: "Umekulaaa?" Na mwisho nikaufifisha, kama ilivyo kazi yangu. Makofi mpaka yakafika huku.

Wameondoka. Simu imetetemeka, ni Kaka: SAFI SANA. WAMEKUBALI. MSIMU MZIMA MPAKA DESEMBA.

Nimeusoma ujumbe mara ngapi sijui. Mpaka Desemba.

Baba hakuondoka nao. Nilimwona akimkatalia Kaka kwa mkono, gari likaenda bila yeye. Akasubiri vumbi litulie. Akatazama huku na huku kama kuna mtu. Hakuna, ila yeye. Halafu akasogea tena ukingoni.

"Umekulaaa?"

Sikujibu. Nilikuwa nimeshika kalamu, nikaendelea kuishika. Alinyamaza zaidi ya pumzi moja. Zaidi ya pumzi kumi. Hakuonekana kushangaa. Kama kweli anataka mwangwi, basi kimya hiki kitakuwa kimeshamwambia yote. Na kama hataki mwangwi ila mimi, anajua tangu lini? Tangu maji ya chumvi? Tangu ile halo ya kwanza niliyoichelewesha? Wiki nzima nimelia na kupiga chafya na tarumbeta, na yeye amesimama pale ananisikiliza.

Nikimrudishia neno lake, tutaendelea hivi mpaka Desemba, yeye kule na mimi huku, na usiku tunapitishiana chumvi. Nikimjibu kama mtu, "bado, Baba", basi mwangwi amekufa na mimi ndiye niliyemuua, tena leo, siku waliyokubali. Hakuna la tatu. Nimelitafuta.

Mlinzi ananong'ona kutoka juu: dada, kahawa imekwisha.

Baba ameinamia jiwe la ukingoni, mkono mmoja kwenye mshono. Ameinuka. Anakunja viganja tena, hana haraka hata kidogo.

Ameuliza tena. Nina njaa. Mungu wangu, nina njaa kweli.