Mama Mkwe Anataka Mashine Mpya za Gemu, na Aliyemtamanisha ni Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mwezi haujaisha, maana mwisho wa mwezi kuna mtu anakuja na gari kuchukua mashine za mama mkwe wangu, na zikishapakiwa hakutakuwa na cha kunishauri tena.

Mimi ni mwanamke niliyeolewa, nina mtoto mmoja, nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, na tangu ilipoingia ile mashine mpya ya gemu kazi yangu ni kusimama kaunta ya mbele, karibu na kioo cha barabarani, niicheze ili wapita njia waitamani, na nikisema niicheze sikutanii, nalipwa mshahara kwa kucheza gemu, jambo ambalo baba yangu mzazi mpaka leo hajathubutu kuwaambia rafiki zake. Bosi wetu ana msemo wake kwamba mashine haiuzwi na uzuri wa boksi, inauzwa na gemu iliyokuja nayo, na hii kweli imekuja na gemu yake ambayo huwezi kuicheza kwenye mashine nyingine yoyote, ya dada mmoja mpanda milima anayemtafuta ndugu yake aliyepotea, na kuna mahali anavuka daraja la kamba huku mawingu yako chini ya miguu yake, upepo unavuma, padi ya kuchezea inatetemeka mkononi mwako kila ubao unapovunjika, yaani mtu akipita barabarani akaiona hiyo sehemu ni lazima asimame, hata kama alikuwa anawahi hospitali. Kwa hiyo nimeagizwa nicheze hapo hapo tu, nikishavuka nirudi nianze upya, kwa sababu baada ya daraja ni kutembea msituni na kutembea tena mpaka mtu anapiga miayo.

Sasa mama mkwe wangu, ambaye mtaani wanamwita Refa, ana kibanda cha gemu alichokifungua kwenye chumba chake cha mbele baada ya baba mkwe kufariki, na ndicho kilichowasomesha wadogo zake mume wangu na ndicho kinachomlisha mpaka leo. Ana mashine nne za zamani, mabenchi, feni moja inayolalamika, na yeye mwenyewe anakaa kwenye kigoda mlangoni akiangalia saa ya ukutani. Gemu zake ni za mpira na za ngumi, watu wanacheza wawili wawili, na sheria ya pale ni kwamba anayefungwa ndiye anayelipia na kuinuka, mshindi anabaki kitini kumsubiri mwingine, na kwa kuwa hakuna binadamu anayekubali kufungwa mbele ya wenzake akaenda zake kimya kimya, aliyefungwa anarudi kwenye foleni huku anatukana bahati yake, na hivyo ndivyo kibanda kinavyoishi. Yeye mwenyewe hajawahi kushika padi hata siku moja, lakini ukitokea ugomvi hapo, nani alimsukuma nani mkono, nani alizima kwa makusudi alipoona anazidiwa, Refa akisema neno, ugomvi umeisha, hata wanaume wenye ndevu wananyamaza.

Siku tulipoizindua mashine alikuja dukani bila kuniambia. Nilikuwa katikati ya daraja, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, wanapiga kelele kila ubao ukivunjika, nikageuka nikamwona amesimama nyuma kabisa na mkoba wake kwapani, machoni mwake kuna kitu ambacho sijawahi kukiona akinitazama mimi.

Akasubiri watu wapungue, akasogea akaniuliza, "Mwanangu, watu wote hawa wamekuja kukutazama wewe?"

Nikamwambia, "Wanatazama gemu, Mama."

"Basi na mimi naitaka hiyo gemu kwangu."

Mshauri, tangu niolewe mama huyu alikuwa ananiita "mke wa mwanangu," hata nikiwa nimekaa mbele yake anamwuliza mume wangu, "Mke wako anakunywa chai?" Siku hiyo nikawa "mwanangu." Jumapili tulipokwenda kwake akanikalisha kwenye kiti cha karibu naye, akawaambia mawifi zangu kwamba kumbe nyumba hii ina bingwa na hatukujua, kisha akatangaza kwamba anauza mashine zote nne, mnunuzi kashapatikana, na atanunua mpya, na atanunua kutoka kwenye mkono wangu na si wa mtu mwingine.

Tatizo lenyewe sasa. Hiyo gemu anaicheza mtu mmoja. Hakuna wa pili, hakuna wa kumfunga wala wa kufungwa, dada anapanda mlima wake peke yake mwanzo mpaka mwisho. Pale mezani kwangu padi ziko mbili, lakini moja iko pale inachajiwa tu, tunabadilishana nayo ikiisha chaji, na mimi nina hakika Mama alipoziona mbili akaona wachezaji wawili, kama mtu yeyote mwenye kibanda angeona. Gemu zake za zamani haziingii kwenye mashine mpya. Gemu ya mpira ya mashine mpya haijatoka, nilimwuliza bosi akasema inakuja, na tangu nimeanza kumwuliza jibu lake ni hilo hilo la inakuja.

Nilijaribu kumgusia, nikasema, "Mama, kwa nini usisubiri kidogo?" Akanitazama akasema, "Na wewe unaniona mzee wa vitu vya zamani?" Wifi yangu mkubwa akadakia kwamba kuna watu hawapendi kuona mama wa watu anapiga hatua. Nikaanza kukusanya vikombe vya chai. Mume wangu ananiambia, "Mama kaendesha kibanda tangu wewe hujui hata gemu ni nini, usimfundishe kazi." Bosi naye amesikia kwamba kuna mteja wa mashine kadhaa kwa mpigo, ameanza kuzungumza habari za kunifanya msimamizi wa kaunta, na nilipomwambia mteja mwenyewe ni mkwe wangu akacheka akasema mteja ni mteja.

Nikisema, nitaonekana namwonea gere, nitamkasirisha bosi, na nitarudi kuwa "mke wa mwanangu." Nikinyamaza, nitamwona yule mama ameketi mlangoni na kibanda kitupu. Nifanyeje?

Ni mimi, Dada wa Kaunta ya Mbele.

MSHAURI ANAJIBU

Dada wa Kaunta, nimemwomba mhariri barua yako ipite mbele ya nyingine, kwa hiyo wale mnaosubiri majibu ya ndoa zenu vumilieni wiki moja. Ndoa hazipakiwi kwenye gari.

Nikiri kwanza kwamba mambo ya gemu siyajui. Nimemwuliza mwenzangu anayepanga kurasa hapa ofisini, mama wa makamo anayeicheza hiyo hiyo gemu nyumbani kwake wajukuu wakilala, akanieleza kwa raha mpaka chai yake ikapoa. Anasema ni nzuri. Anasema hata ule msitu unaousema vibaya ni mzuri ukiwa peke yako na huna haraka. Kwa hiyo huuzi uongo dukani, na ondoa hilo moyoni. Anayenunua mashine aende nayo sebuleni kwake akae na mlima wake, huyo amenunua alichokiona.

Mkwe wako hanunui sebule. Ananunua benchi, foleni na kelele za watu wanaofungana. Aliona umati kwenye duka lenu akadhani ni umati wa wateja, kumbe ni umati wa watazamaji, na mtazamaji hata kwake halipi, anaegemea ukuta anamaliza hewa ya feni. Kosa lake si la ujinga. Amekaa mlangoni miaka na miaka akitazama vitu viwili tu, saa na watu, na watu aliowaona kwako walimdanganya. Wewe unajua anachokosa kujua. Basi hapo hakuna fumbo lolote, na wala si jambo la kuniandikia mimi kabla ya kumwambia yeye.

Sasa nikugombeze kidogo, kwa sababu ulilitaka. Umeandika habari za bosi, za wifi, za mume, za cheo. Hao wote nimewasoma, na sikuwaamini. Bosi hatakufukuza kwa sababu mteja mmoja kaahirisha, na akikufukuza kwa hilo basi alikuwa anatafuta sababu. Wifi atasema asemayo hata ukinyamaza, hiyo ndiyo kazi yake na anaifanya bure. Kinachokufunga mdomo ni lile neno "mwanangu." Ulilisubiri miaka, limekuja, na unaogopa likirudi lilikotoka halitakuja tena. Nakuelewa, dada yangu, wala sikucheki. Kukaa kwenye nyumba ya watu ukiulizwa chai kupitia kwa mumeo ni jambo la kuumiza, na wanaosema ni dogo hawajaolewa kwenye ukoo unaojibu salamu kwa kukohoa. Lakini unataka kulilinda neno hilo kwa kumwuzia mama wa watu mbuzi kwenye gunia, na gunia umelishika wewe mwenyewe.

Kuhusu kumgusia. "Kwa nini usisubiri kidogo" si onyo, ni mafumbo. Mtu mzima aliyeendesha biashara yake peke yake ukimwambia asubiri bila sababu, anasikia kwamba amezeeka. Ungemwambia kwamba gemu hii haina mchezaji wa pili, angesikia habari nyingine kabisa, tena kwa lugha yake. Hukumwambia. Ukauma ukapuliza, kisha ukalalamika kwamba hakuelewa.

Mumeo naye, kama anasoma hapa, namwambia hivi: bwana, mkeo anaijua hiyo mashine kuliko mama yako na kuliko wewe, maana ndiyo anayoishika kutwa. Kumtetea mama si kumziba mkeo mdomo. Siku mkeo atakapomwambia mama yako ukweli, mchukue mtoto, tembea naye hata sokoni, waache wanawake hawa wawili wazungumze.

Haya, fanya hivi. Usimweleze mkwe wako mbele ya mawifi wala mbele ya wateja wake, maana refa hakosolewi uwanjani. Usitume ujumbe kwa simu. Mwombe aje dukani asubuhi, saa za kufungua, kabla watu hawajajaa, umkalishe kwenye kiti chako umkabidhi padi. Aicheze mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na asiishie darajani. Mwache avuke, aanguke, acheke, aingie msituni achoke. Kisha kaa karibu naye, uichukue ile padi ya pili, bonyeza kila kitufe kilichopo, na umwonyeshe kwamba hakuna kinachotokea. Halafu sema kwa maneno yako, wazi, bila kuzunguka: "Mama, inachezwa na mtu mmoja, za mpira za mashine hii bado, na za kwako haziingii humu. Nilipaswa kukwambia siku ile ile. Niliogopa, nisamehe." Usiongeze kitu. Ukianza kumpangia auze ngapi na abakishe ngapi utaharibu, kwa sababu biashara ni yake. Huenda akaacha kabisa. Huenda akanunua moja aiweke pembeni, akaona mwenyewe inaleta nini. Na huenda akakaidi akanunua zote. Akifanya hivyo msaidie kubeba maboksi na usimkumbushe kamwe kwamba ulimwambia.

Bosi mwambie baadaye, siku hiyo hiyo, kabla hajasikia kwa mwingine. Mwambie mteja wako ana kibanda cha watu wawili wawili na umemweleza ukweli, na kwamba siku gemu ya mpira ikitoka atakuwa wa kwanza kwenye foleni na atawaleta wenye vibanda wenzake. Bosi mwenye akili atakuelewa. Cheo kikipotea kwa ajili hiyo, wahenga walishasema heri lawama kuliko fedheha, na lawama ya bosi inakwisha ukiondoka kazini jioni.

Huenda Mama akanuna. Nuniwa. Peleka mtoto Jumapili kama kawaida, kaa pale utakapokalishwa, kunywa chai hata ukiulizwa kupitia kwa mumeo. Mimi siwezi kukuahidi utaitwa nani.

Ila moja naliona kama nipo pale. Usipomwambia wewe, atakuja kuambiwa na wateja wake. Wataingia wawili siku ya kwanza ya mashine mpya, marafiki, wamebishana njia nzima nani atamfunga nani, watakaa kwenye benchi, mmoja atachukua padi aanze kupanda mlima, na mwingine atageuka mlangoni amwulize, "Mama, na mimi je?" Yeye ambaye hakuna swali la kibanda kile lililowahi kumshinda atageukia saa yake ya ukutani, na wakati huo wewe utakuwa dukani, umesimama kwenye kioo, unashangiliwa.