Baba, Naomba Kuweka Antena Juu ya Kaburi Lako

Mpendwa Baba,

Nakuandikia kwa sababu nduguyo amenituma kwako. Nilipomweleza Baba Mdogo kwamba nataka kuweka antena juu ya kaburi lako, aliacha kutafuna majani yake ya muguka. "Kaburi ya ndugu yangu si stuli ya kuweka mashine," akasema. Nilizidi kumsumbua mpaka akachoka nami. "Basi muulize mwenyewe."

Ndiyo nakuuliza. Unakumbuka mwaka ule mawingu yalipokudanganya? Yalitanda juu ya shamba, ukapanda ndengu zote, kisha yakaenda kunyesha Embu mjini kusikokuwa na shida ya mvua. Ulicheka, lakini chakula hukukigusa. Mimi nilisomea fizikia kwa hasira ya siku ile.

Sasa ni mwalimu huko Embu, na nina vipokezi viwili vya setilaiti, vya bei nafuu. Ishara ikishuka kutoka juu huchelewa kidogo inapopita kwenye hewa yenye unyevu. Kipokezi kisiposogea hata kidogo, naweza kupima kuchelewa huko, nikajua kama hewa imebeba maji kweli au mawingu yanaringa tu. Kimoja nitakiweka shuleni na kingine hapo kwako, nivilinganishe. Walimu wenzangu wanasema vifaa hivi ni duni mno. Labda ni kweli, lakini nitapima mpaka vinishinde, na havijanishinda.

Shida ni mahali pa kukiweka hicho cha nyumbani. Mabati ya nyumba yanarudisha ishara kama mwangwi. Nguzo niliyochimbia shambani iliinama udongo ulipolowa. Pale nyumbani, kitu kisichosogea na chenye anga wazi ni saruji yako peke yake. Sitaitoboa, nitaiweka antena ya kipokezi juu tu.

Tulipokuwa tukipima matuta ya shamba, ulishika ncha ya kamba juani, nami nikakimbia na ncha ya pili, nikikuuliza kila mara kama umesogea. Hukuchoka kunijibu. "Mimi nimesimama. Wewe pima."

Pengo lako linaniuma, Baba, kuliko ninavyoonyesha mbele za watu. Jumamosi nakuja na antena. Baba Mdogo amesema atakuwepo asikie umejibu nini, nami nitamwambia ulishanijibu zamani, tukiwa na kamba mkononi.

Simama hapohapo. Mimi napima.

Ni mimi binti yako,
wa ncha ya pili ya kamba