Ua la Mama Limechanua

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, ingawa najua bahasha hii inaweza kukaa mezani kwako wiki nzima ukiitazama kwa jicho la pembeni. Hujambo lakini? Na lile goti, bado linakusumbua kwenye ngazi za ofisini? Sisi huku ni wazima. Wifi yako ana mafua, mimi nina mdomo, mambo ni yaleyale.

Nina habari moja tu: ua la mama limechanua. Ndiyo, lilelile la porini, la buluu, alilolitoa mlimani akalipanda kando ya mlango. Miaka mitatu iliyopita, ulipokuja kuchukua nguo zake baada ya mazishi, ulikuta shimo mahali pake. Nilikwambia nilidhani ni gugu. Ukaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hujanipigia simu.

Mvua zilipoanza, kijani kikachungulia palepale. Kumbe kipande cha mzizi kilibaki. Dada, mimi fundi bomba, nisiyewahi kuotesha hata kitunguu, nilipiga magoti! Nikalijazia samadi, nikalimwagia maji asubuhi na jioni. Majani yakawa manjano. Nikamwita mama mmoja mwenye kitalu cha miche, akacheka mpaka akashika kiuno, akaniuliza ni nani kaniambia ninalea kabichi. Akasema ua la porini limezoea shida, raha ndiyo inayoliua. Nikaondoa samadi, nikachanganya udongo na kokoto, na maji nikawa nalimwagia pale tu udongo unapokauka kina cha kidole.

Kiangazi likakauka lote. Wifi yako akaja na fagio, nikamwambia akiligusa tutagombana, mzizi umelala tu. Akasema hajawahi kuona mwanamume mzima analinda vijiti. Mwaka wa pili likatoa majani matupu. Nilinuna kwelikweli, lakini mama wa kitalu akanituliza kwamba maua ya aina hii hujenga mzizi kwanza. Basi Jumanne hii nafungua mlango niende kazini, loo, maua kumi na moja! Nilichelewa, na mwenye bomba lililopasuka alinitukana ipasavyo.

Sasa dada, kaa kitako. Sikudhani ni gugu. Nililijua vizuri sana. Siku zile za mwisho mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza mama kitandani, nikimlisha kwa kijiko, na yeye kila akifumbua macho anaulizia mawili tu: wewe, na ua lake. Mimi hakuniulizia hata mara moja. Tulipotoka kumzika nikachukua sururu. Nilikuonea wivu, dada, nikalionea wivu na ua. Halafu nikakudanganya. Juzi nilimweleza wifi yako yote, akaniambia mtu haulizii aliye mbele yake. Nililia kama mtoto.

Nisamehe.

Mama wa kitalu anasema mashina yamebanana, mvua zijazo ua lichimbuliwe lote na ligawanywe, la sivyo litadhoofika. Sururu ninayo. Lakini sithubutu kulichimbua tena kama hujasimama hapo. Njoo, dada, uondoke na nusu yako.

Msalimie shemeji na watoto. Wifi yako naye anakusalimu. Kitanda chako ameshakitandika, wala hakuniuliza.

Ni mimi mdogo wako,
Kisirani