Siku Uliyoniomba Tukachome Tairi

Baba yangu uliyelala Kwamsisi,

Shikamoo. Nimeandika salamu hii nikajikuta nasubiri uitikie, kwa hiyo nimekaa kidogo kabla ya kuendelea.

Ile gari yako, Mark II, tumeiuza. Nimeona uisikie habari hii kwangu, pamoja na jingine ambalo sijamwambia mtu ila kaka Salimu.

Handeni walikujua kama dereva wa mwendo wa taratibu. Mjamzito akishikwa na uchungu, bibi harusi akitolewa kwao, hata maiti akirudishwa kijijini, watu walisema mwiteni Mzee Ramadhani, yule hatikisi mtu. Tuliojua upande wako mwingine tulikuwa watatu tu: mama, kaka Salimu na mimi. Jumapili moja moja ulipakia tairi mbili vipara, zilizolika kabisa, na madumu ya maji, ukaenda kwenye kile kiwanda cha mkonge kilichofungwa, njia ya Korogwe, ukachoma tairi kama vijana wa mjini, ukizizungusha gari imesimama mpaka zitoe moshi. Mama alijua kwa harufu ya shati. Aliliroweka mbali na nguo nyingine.

Mara ya kwanza uliponichukua nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mlinzi wa kiwanda ulikuwa umeshamwomba ruhusa. Kwenye ule uwanja wa zege ambako zamani malori yalipakia, tulizifungua tairi nzima za nyuma tukafunga vipara, ukapima oili na maji ya rejeta, halafu ukamwaga maji chini ya tairi ili ziteleze kwa urahisi, difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, isibebe mzigo wote. Nilidhani utaanza wewe. Ukaniambia nikae kwenye usukani.

"Mchezo huu hauvunji gari," ulisema. "Gari inavunjwa na papara."

Breki ya mkono ulinikataza nisiiguse, maana inashika tairi zile zile za nyuma tunazotaka zizunguke. Usukani unyooke. Gia ya kwanza, injini ipande, klachi niiachie mara moja bila kuichezea, isije ikaungua. Kisha mguu huo huo wa kushoto uhamie kwenye breki, ukanyage kiasi cha kuzishika za mbele tu. Nilizimisha gari mara mbili. Ya tatu tairi zililia, moshi ukaingia dirishani, nikakusikia unahesabu pembeni yangu, moja, mbili, tatu, kwa sauti ile ile uliyonihesabia nikijifunza kuandika. Kwenye saba ukasema niachie pedali ya mafuta. Safari nyingine gari ilianza kurukaruka nyuma nami nikang'ang'ania. Ulinikemea, ukasema hapo ndipo ekseli zinapokatika. Tukimaliza hukuzima injini hata siku moja. Tuliuzunguka uwanja polepole mpaka geji ya joto ishuke.

Nilikuuliza kwa nini unafanya hivi, mtu mzima mwenye heshima zako. Ukafikiri, ukajibu, "Kila siku napeleka watu. Hapa simpeleki mtu."

Sikukuelewa, nilicheka. Siku hizi naelewa zaidi.

Mama alipofariki uliacha kwenda, wala sikukuuliza. Kisukari kikakufuata, kikaanza na vidole vya mguu, kikamalizia na macho. Nikakuleta kwangu Korogwe ili kliniki iwe karibu, na gari tukaileta, ikakaa uani, kaka Salimu akija kuiwasha mara moja kwa wiki. Ulikuwa ukiisikia inawaka unageuza uso upande ule.

Lile nililotaka kukuambia ni la alasiri ile ya Jumamosi. Nilikuwa nasahihisha madaftari mezani. Ulikuja ukipapasa ukuta, ukakaa, ukaniita kwa jina la utotoni. Ukasema unaomba nikupeleke kule kiwandani. Hutashika usukani, utakaa tu pembeni nikiendesha.

Nami nikakujibu, "Baba, macho hayaoni, moshi unautakia nini?"

Ukasema, "Haya, mwanangu." Ukaondoka ukipapasa ukuta ule ule, na hukulitaja tena jambo hilo mpaka tulipokuzika.

Nimejitetea sana moyoni. Kwamba nilikuwa nimechoka. Kwamba mimi ni mwalimu, wazazi wa wanafunzi wangeniona wangesema nini. Kwamba niliogopa kuiharibu gari yako. Hili la mwisho ni uongo mtupu, baba. Wewe mwenyewe ulinifundisha nisiiharibu. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na niliona kuna muda.

Baada ya arobaini mnunuzi alipatikana, mtu wa Kwashemshi anayelima. Siku moja kabla hajaja, nilimwomba kaka Salimu anisindikize kule uwanjani. Hakuuliza kwa nini. Alitafuta vipara mwenyewe. Nilifanya yote ulivyotaka, maji, usukani, klachi, nikahesabu kwa sauti. Gari ilitii. Nilipofika saba nikaachia, nikauzunguka uwanja taratibu, na nilikuwa nalia kiasi kwamba kaka alisimama mbele ya gari kuninyooshea mkono nisimame.

Tukaanza kurudisha tairi nzima. Kaka alikuwa amechuchumaa akikaza nati, nami nimemshikia tairi iliyobaki. Nikamwambia. Nikamweleza ulivyoniomba, nilivyokujibu, na ulivyoondoka ukipapasa ukuta. Nilitarajia anilaumu, na nadhani nilitaka anilaumu.

Aliendelea kukaza. Alipomaliza nati ile akabaki ameiinamia spana.

"Na mimi aliniomba," alisema. "Wiki ile ile, nilipokuja kuiwasha. Nikamwambia haina mafuta."

Kaka akafuta mikono kwenye suruali.

"Ilikuwa na mafuta, Mwanaidi. Na injini ilikuwa inaunguruma, yeye anaisikia."

Tulikaa kwenye zege lile, watoto wako wawili, watu wazima, mpaka jua likatuhamia usoni. Basi nimeandika mimi kwa niaba yetu sote. Pumzika, baba, na ukiweza utusamehe pamoja, maana hatukukukatalia pamoja. Kila mmoja alikukatalia peke yake.

Mimi binti yako, mwalimu,
Korogwe