Wakapatana, Halafu?

Jumapili, jioni. Upepo wa leo umeleta vumbi hadi kwenye chai yangu, lakini moyo umetulia.

Wiki nzima nimekuwa na ugomvi na kitenzi kimoja: kupatana. Nafundisha fasihi ya Kiswahili hapa Bariadi, na hadithi nyingi za wanafunzi wangu huishia palepale. Watu wanachukiana kurasa kumi, kisha mstari wa mwisho: "Wakapatana." Kwisha habari! Waandishi wa vitabu nao hawana nafuu. Nimesoma vya kutosha kulisema hili bila woga: kitenzi hicho kinaonewa. Kinabebeshwa kazi ambayo mwandishi ameikwepa.

Leo nilikuwa nyumbani Nkoma. Ng'ombe wa shangazi waliingia kwenye pamba ya mama ikiwa imeshapasuka, na tangu hapo mawifi hao, waliolima pamoja kabla sijazaliwa, hawasalimiani. Mama amekonda. Nilikuwa naogopa mmoja wao atazikwa kabla hawajasemezana.

Wazee wa ukoo waliwasikiliza. Shangazi akaomba radhi, mama akasema yameisha, mzee mmoja akatangaza kwamba wamepatana. Basi mimi, mwalimu mzima, nikaharibu. Nilipakua chakula kwa ustaarabu wa mjini, kila mtu na sahani yake.

Shangazi aliitazama yake, akainuka, akakaza khanga kiunoni.

"Wifi, kumbe bado mnanitenga," alimwambia mama. "Sahani ya peke yangu? Mimi mgeni hapa?"

Kwetu waliogombana hula chombo kimoja, ndipo watu wanaamini. Nalijua hilo tangu utotoni! Nilitamani ardhi inimeze.

 Mama alichukua sahani yake, akamimina ugali na mboga yote kwenye ile ya shangazi, akaketi mkekani. Akamega tonge.

Shangazi alibaki amesimama.

Hakuna aliyekula. Mimi nilikuwa nimeshika birika la maji ya kunawa bila kujua nalipeleka wapi. Mwisho shangazi akainama, akanyoosha mikono nimnawishe, akaketi.

"Sogea basi, wifi," alisema. "Umejaza mkeka wote."

Mama akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu msimu uanze, na machozi yalinitoka mbele za watu.

Kesho nitawaambia wanafunzi wangu: kitenzi hicho ruksa, ila kwanza mtuoneshe nani alisita na nani aliketi.

Shangazi alipoaga, mama akamsindikiza hadi njia panda. Walipofika, shangazi akageuka kumsindikiza mama kurudi. Wakafika mlangoni, wakageuka tena. Mpaka napanda bodaboda walikuwa bado njiani, wanaongea wote kwa pamoja.

Sasa hapo, nukta ningeiweka wapi?