Aliyetumia Jina Lako Jumanne

Kwako Baba,

Jumanne saa nne asubuhi jina lako la hewani lilisikika tena. Aliyesema hivyo ni Mwalimu Odera wa Chepilat, rafiki yako ambaye mliongea kwa redio mara nyingi kuliko mlivyowahi kukaa meza moja. Alinipigia simu nikiwa ofisini Kericho, ninamalizia habari ya barabara mbovu.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "nimemsikia baba yako."

Nikamkumbusha kwamba tulikuzika mwaka jana na kwamba wasifu wako aliusoma yeye.

"Najua nilichosoma. Na najua nilichosikia. Zile herufi na tarakimu za leseni yake, kwa mlio wa Morse, nukta kwa nukta, mpaka kule kusita kwake kabla ya herufi ya mwisho. Mtu anatumia leseni ya marehemu. Nampa mpaka Jumatatu. Asipoacha nitaandikia ofisi ya leseni, waje waichukue hiyo redio na huyo mtu ajieleze. Sheria ni sheria."

Nilimshuku yeye kwanza. Usikasirike. Siku ya matanga yako ndiye aliyeniuliza, sahani ya wali mkononi, kama redio yako inauzwa. Sasa yeye peke yake ndiye aliyesikia, na alichosikia kingefanya redio itoke nyumbani kwetu. Habari ya shahidi mmoja mwenye haja siichapishi.

Kwa hiyo Jumatano nilitoka nyuma ya ofisi na kile kipokezi kidogo ulichonipa nilipomaliza Form Four. Nikatundika waya wa antena kwenye mkaratusi. Saa nne na dakika chache nikakusikia. Mwalimu hakudanganya. Herufi zilikuja polepole, kisha ukimya kama wa mtu anayevuta pumzi, kisha herufi ya mwisho.

Kusita huko tunakujua sisi wachache. Kidole chako kiliumia kwenye mashine ya kukatia majani kiwandani, na kila ulipofika karibu na mwisho kilikakamaa. Nilipokuwa najifunza Morse nilikuiga, nikidhani ndivyo inavyotakiwa. Ulinigonga kifundo cha mkono kwa penseli. "Usiige ugonjwa wangu. Fuata kitabu." Nikafuata kitabu. Mwalimu naye alifuata kitabu. Yeyote anayesita pale hakuwahi kufunguliwa kitabu. Alijifunza kwa kukusikiliza, miaka mingi, akalichukua kosa pamoja na kazi.

Jana Alhamisi nilikwenda nyumbani Boito. Mama alikuwa ametoka kuchuma majani, kikapu bado mgongoni.

"Umekuja kunisalimia ama kunihoji?"

"Vyote, Mama."

"Basi kunywa chai kwanza. Hata polisi hunywa."

Nilipokuwa nakunywa niliangalia kabati lako. Blanketi lile la kijivu lilikuwa limefunika redio kama ulivyoliacha, na lilikuwa na vumbi. Nikaliinua. Redio yenyewe haikuwa na vumbi. Nikapima betri: imejaa. Betri ya mtu aliyekufa mwaka jana haijai yenyewe. Daftari lako la safari, lile tulilolitafuta baada ya mazishi kila mtu akaapa hajaliona, bado halikuwepo.

"Nani amechaji betri, Mama?"

"Panya."

"Panya wanajua kuchaji?"

"Wa nyumba hii wamesoma. Si baba yako alisomesha kila mtu?"

Nikamuuliza Jumanne alikuwa wapi. Akasema kwa mgonjwa wa kanisa. Jumatano? Kwa mgonjwa. Yuleyule? "Anaugua sana," akasema, akaenda kumwagia ng'ombe maji ambayo tayari alikuwa nayo.

Unakumbuka Jumamosi zetu, wewe mezani, mimi sakafuni, mlango wa jikoni wazi? Redio ikianza kulia, kabla hujaandika hata herufi moja, Mama alikuwa akisema kutoka jikoni, "Leo ni yule Mfini wako mwenye haraka. Mwambie aje, ugali umeiva." Ama, "Huyo wa leo amelewa." Tulicheka. Wewe ulisema, "Huyu mama yenu ana utani." Nimefanya kazi ya kuuliza watu maswali maisha yangu yote, na sikuwahi kumuuliza alijuaje kuwa ni yule mtu wa Finland.

Sijathibitisha. Hajakiri, na mimi sijamwona na kile kidude cha kubonyeza mkononi. Lakini nina betri iliyojaa, mgonjwa asiye na jina na kosa la kidole chako.

Sababu nayo nadhani ninayo. Mama alinisimulia jinsi nilivyozaliwa: wanawake waliita majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka lilipoitwa la nyanya yako nikapiga chafya. Basi likawa langu. Kwake jina la aliyekufa huitwa ili mtu arudi nyumbani. Huko hewani kwenu jina la aliyekufa hunyamaziwa. Mwalimu hajui desturi ya kwetu, na sidhani Mama amewahi kuambiwa ya kwenu. Ofisi ya leseni haitauliza lolote kati ya hayo. Itauliza leseni.

Kuna jambo moja limenikera, nalisema kwa sababu hunijibu. Lile daftari nililisoma kabla halijapotea. Lilikuwa na vilima vitatu ulivyopanga kupanda na redio, na kwa kila kimoja uliandika mti wa kufungia waya, njia ya kurudi mvua ikinyesha, chakula. Cha tatu kilikuwa kile cha juu ya Kimulot, ambako chai inaishia na msitu wa Mau unaanza. Hukukifikia. Hapo uliandika: gumbuti za matope, flaski moja, vikombe viwili. Siku zote niliamini kikombe cha pili ni changu.

Jana nikiondoka Mama alinisindikiza hadi langoni. Akauliza kama Jumamosi naweza kumpeleka Kimulot kwa gari. Maombi ya wanawake, alisema.

"Kanisa gani la Kimulot?"

"Wee ni wa kuuliza tu! Utanipeleka ama niende kwa miguu?"

Nyuma yake, kupitia mlango, niliona gumbuti zako zimeoshwa. Mezani kulikuwa na flaski. Kando yake vikombe viwili.

Nikasema nitampeleka.

Leo asubuhi nilimpigia Mwalimu. Sikumtajia mtu. Nilimwuliza fomu ya mtihani wa leseni inapatikana wapi, na kama mtu wa miaka sitini na minane anaruhusiwa kuufanya. Akasema, "Anaruhusiwa. Ila huyo mwanafunzi wako aache kusita. Na aombe jina lake mwenyewe." Alisema barua ataishikilia, lakini Jumatatu iko palepale.

Fomu nimeichapisha, iko ndani ya bahasha kwenye kiti cha nyuma. Nafasi ya jina nimeiacha wazi. Kesho, Jumamosi, saa mbili tunatoka Boito, saa tatu tunaanza kupanda. Nimebeba kikombe cha tatu.

Mimi mwanao wa pili,
yule wa maswali